Bia za kufuata kwao na bia za kubeba

Swali la wiki liliuliza: ni bia gani mpya za viwanda vidogo zilizokupendeza zaidi, nyumbani na safarini? Kwangu hayo ni maswali mawili. Bia inayosisimua pale inapopikwa inaweza kufika nyumbani imekufa baada ya wiki tatu za njiani, na kosa si la mpishi. Kwa hiyo zangu nazigawa mafungu mawili: za kufuata kwao, na za kubeba.

Katika za kufuata, ya kwanza ni IPA (India Pale Ale) yenye ukungu, mtindo wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist, Vermont, Marekani, ndiyo inayotajwa sana kwamba ilifungua njia: ilianza kupikwa 2004 na ikatiwa kwenye makopo 2011. Hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huwekwa nyingi bia ikishachachuka, bila kuchemshwa, ndiyo maana unapata harufu ya embe na pasheni badala ya uchungu mkali. Ngano na oti huipa uzito mdomoni na ule ukungu. Na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwa sababu harufu hiyo haivumilii hewa. Hewa kidogo tu iliyobaki ndani ya kopo wakati wa kujaza inatosha. Kwanza embe linafifia, halafu unaingia utamu mzito kama wa asali iliyokaa, mwisho harufu ya boksi lililolowa. Rangi nayo husema: njano ya maziwa hugeuka kijivu, kisha hudhurungi. Ukimimina ikatoka ya kijivu, usijilazimishe kuipenda.

Ndiyo maana nasoma sehemu ya chini ya kopo kabla ya kusoma jina. Kinachotafutwa ni tarehe ya kujazwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haitoshi, kwa sababu kiwanda kimoja huhesabu miezi mitatu na kingine mwaka mzima. Kwa IPA ya ukungu, nataka isiyozidi wiki sita tangu kujazwa, na iwe imekaa kwenye baridi muda wote. Wauzaji wa bia wana kanuni ya 3-30-300: siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 huchakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuambia kwamba kopo lililopangwa rafuni karibu na dirisha limeshaliwa nusu ya maisha yake.

Ya pili kwangu ni pilsner ya Kiitalia. Tipopils ya kiwanda cha Birrificio Italiano imekuwapo tangu 1996, ila ni miaka ya karibuni tu ambapo viwanda vidogo vingi vimeanza kuifuata, kwa hiyo kwa wanywaji wengi bado ni mpya. Ni laga (bia inayochachushwa kwenye baridi) ya kimea chepesi, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, iliyotiwa hopsi za Kijerumani wakati wa kukomaa, kwa mkono mwepesi. Unapata harufu ya majani mabichi na maua, kisha mdomo unabaki mkavu na ukitamani tena. Hii ndiyo naiweka juu ya zote, kwa kuwa haina pa kujificha: mpishi akikosea kidogo, utaonja mahindi yaliyochemshwa au siagi.

Mtindo wa Cold IPA ni mdogo zaidi kwa umri. Ulizaliwa 2018 katika kiwanda cha Wayfinder, Portland, Oregon. Mchele au mahindi hupunguza uzito wa kimea, na chachu ya laga huchachushwa kwenye joto la juu kidogo kuliko desturi yake. Matokeo ni bia angavu, kavu, yenye uchungu ulionyooka. Waliochoshwa na ukungu waanzie hapa.

Bia ya bomba safarini inahitaji macho. Usianze na glasi kubwa. Omba mililita 100 hadi 150, na anza na nyepesi kabla ya kali, kwani ukianza na stout (bia nyeusi nzito) ya kilevi cha asilimia 11, pilsner itakayofuata itakuwa maji. Uliza kegi, yaani pipa la bia, ilifunguliwa lini na mipira ya bomba huoshwa kila baada ya muda gani. Jibu jema ni wiki mbili au chini yake. Mipira michafu huzaa bakteria, nao huleta ladha ya siagi au uchachu wa siki katika bia ambayo haikupikwa iwe chachu. Mtu akionja hivyo huilaumu bia, kumbe ni mpira. Tazama na glasi: mapovu yaking'ang'ania ukutani ndani ya bia, kuna mafuta au mabaki ya sabuni. Nyumbani jaribu kwa chumvi. Lowesha glasi safi, kung'uta maji, nyunyiza chumvi ndani. Ikishika sawasawa kote, ni safi. Ikiacha vipara, ioshe tena, na usiifute kwa kitambaa, iache ikauke imeinamishwa.

Sasa za kubeba. Hapa gueuze ya Ubelgiji, bia chachu inayopatikana kwa kuchanganya lambic za umri tofauti, haina mpinzani. Lambic hupozwa usiku kucha kwenye sinia pana lisilo na kifuniko, chachu za hewani ziingie zenyewe, kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao. Mchanganyaji huunganisha ya mwaka mmoja, miwili na mitatu. Changa bado ina sukari, na sukari hiyo ndiyo inayozaa gesi ndani ya chupa. Cantillon ya Brussels imekuwa kwenye kazi hii tangu 1900. Kwa kuwa chachu ingali hai na uchachu wake ni mlinzi, chupa huvumilia safari na hata miaka ya kulala gizani. Stout nzito nazo hubebeka vizuri.

Bia za kveik za Norway nimezipenda kwa sababu nyingine. Chachu hii ya mashambani hufanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 40, joto ambalo lingeharibu bia nyingine nyingi, na humaliza kwa siku chache. Wenyewe waliihifadhi kwa kuchovya ndani yake duara la vipande vya mbao vilivyounganishwa, kisha kulianika. Ile ya Voss hutoa harufu ya ganda la chungwa bila chungwa lolote kutiwa. Nayo grodziskie ya Poland, ya kimea cha ngano kilichofukizwa kwa moshi wa mwaloni, ina kilevi cha asilimia 3 hivi tu na gesi tele. Utengenezaji wake wa kiwandani ulikoma 1993 na ukarudi kwao Grodzisk 2015. Nashangaa haijaenea zaidi. Ni bia ya mchana isiyochosha.

Ukifunga mzigo, chagua kopo au chupa ya kahawia. Mwanga hugonga uchungu wa hopsi ukazaa harufu ya kicheche, na kioo cha kijani hakikingi vya kutosha. Tia kila chupa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha soksi mbili, kisha katikati ya nguo, mbali na kingo za sanduku. Iende kwenye mzigo unaokabidhiwa, kwani mkononi viwanja vingi vya ndege bado huzuia kimiminika kinachozidi mililita 100. Na ujue kikomo cha forodha cha unakokwenda. Bia nene za matunda ambazo sukari yake haijachachuka usizibebe kabisa. Kopo likipata joto, chachu huamka, na kopo hupasuka.

Ikifika, simamisha chupa ya gueuze siku mbili ili mashapo yatue. Ifungue ikiwa na nyuzi 10 hadi 13, inamisha glasi, mimina kwa mkondo mmoja bila kurudisha chupa wima, na simama mashapo yanapofika shingoni.