Je, Afrika inapasuka chini ya Mto wa Mbu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu amenionyesha video ya ule ufa wa Mai Mahiu, Kenya, akasema Afrika inagawanyika na bahari itaingia. Sisi tupo Mto wa Mbu, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ni kweli? Niuze shamba?
— Mama Neema, Mto wa Mbu

JIBU: Marahaba, mama. Shamba usiuze.

Bara kweli linaachana. Upande wa mashariki umekaa juu ya bamba la Somalia (bamba ni kipande kikubwa cha tabaka gumu la dunia, kinachosogea polepole), sehemu kubwa iliyobaki juu ya bamba la Nubia. Kule Ethiopia yanatengana kwa takribani milimita 6 kwa mwaka, na kadiri unavyoshuka kusini kasi hupungua. Hata kwa kasi ya huko, mtu akiishi miaka 80 ardhi itakuwa imeachana chini ya nusu mita. Bahari ikija itaanzia Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, ambako tayari kuna ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 100. Hilo ni suala la mamilioni ya miaka.

Ule ufa wa Machi 2018 ulitokea baada ya mvua kubwa. Udongo wa pale ni majivu ya volkano, laini, na maji yaliuchimba kwa chini mpaka ukaporomoka. Wanajiolojia wengi waliuona kuwa kazi ya mmomonyoko. Mpasuko wenyewe wa mabamba ulionekana Afar mwaka 2005: ndani ya wiki chache magma (mwamba ulioyeyuka) ilipenya ardhini kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine ardhi ikaachana hadi mita 8.

Na mwaka 2007 ulikuja jirani yenu! Magma ilijipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima Gelai, kusini mwa ziwa Natron. Julai 17 likapiga tetemeko la ukubwa wa 5.9, na Septemba volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Nasikitika kwamba vijana wetu wanaijua Mai Mahiu kuliko Gelai.

Hebu simama barabarani utazame pande zote mbili. Magharibi, njia ya Karatu inapanda ukuta mkali. Mashariki, kuelekea Makuyuni, hukuti ukuta wa pili. Ardhi yenu ilizama kama kitanda kilichovunjika miguu ya upande mmoja: ilikatika magharibi, mashariki ikabaki imeinama tu. Ziwa Manyara limejaa kwenye upande uliozama. Maji ya chemchemi mnayomwagilia mpunga na migomba nayo hushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kuibukia chini ya ukuta huohuo.

Kinachonihangaisha mimi ni nyumba yako. Bukoba, Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu 10 na kubomoa nyumba nyingi. Ukijenga kwa tofali, funga lenta ya zege yenye nondo izunguke kuta zote, isiishie juu ya madirisha tu. Usijenge kwenye kingo za makorongo, wala pale mawe yanapoporomoka kutoka ukutani. Na kitanda cha watoto kisikae chini ya kabati zito lisilofungwa ukutani.