Kwotabeki wa Jana, Glovu Hizi Hapa

Wadogo zangu wa futiboli ya Kimarekani, mliohamishwa msimu huu kutoka kwotabeki, mrusha mpira, kwenda risiva, mdakaji, wiki mbili sasa nasimama kando ya uwanja hapa Ohio nawatazama, na mkono hauniishi kichwani. Hakuna kosa lenu nisilolijua. Mimi nilihamishwa mwaka wa tatu chuoni: kocha aliniita ofisini, akanisogezea glovu mezani, basi. Jioni mama akapiga simu akauliza, "Sasa mwanangu, wamekushusha cheo?" Nilimwambia mtandao unasumbua.

1. Acheni kununa. Hata matanga huondolewa. Julian Edelman alikuwa kwotabeki wa Kent State, hapa hapa Ohio. Msimu wake wa mwisho, 2008, alikimbia na mpira yadi 1,370. Patriots, timu ya ligi kuu ya NFL, wakamchukua 2009 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, raundi ya 7, chaguo la 232, wakamwambia akadake. Misimu 4 ya kwanza alidaka mipira 69. Yote minne ikijumlishwa! Katikati hapo walimrudishisha panti, ile mipira wanayoipiga wapinzani kwa mguu, wakamkopesha hata kwa mabeki. Msimu wa 5 akadaka 105. Wewe una siku 14 umeshavimba mashavu.

2. Mashine ya kurusha mipira: daka 100 kabla ya mazoezi, 100 baada.

3. Kichwa cha kwotabeki kiache kwenye kabati. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Robo ya nne, tunaongoza kwa pointi 3, dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne, tunataka yadi 8. Ruti yangu, njia niliyopangiwa kukimbia: mbele yadi 14, kata ndani. Kabla mpira haujachezwa nikamwona sefti, beki wa nyuma kabisa, anashuka, nikajua zoni, maeneo wanayolinda, inageuka, nikajua shimo litakuwa yadi ya 10, katikati ya malainibeka wawili, walinzi wa kati. Na kweli lilikuwa pale. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa nimeona sawa. Nikafika yadi ya 10 nikasimama, nikageuka, niko peke yangu kama mnara wa simu.

Mpira ulikuwa umeshatoka mkononi. Kwotabeki wetu, mtoto wa mwaka wa kwanza, alirudi hatua zake tano akarusha pale nilipotakiwa kufika, kama alivyofundishwa. Ulipita juu ya bega langu nikausikia ukivuma. Beki wa kona aliyekuwa ananifuata akaupokea bila hata kuruka, akaenda nao mpaka mwisho wa uwanja, tachidauni. Tukafungwa kwa pointi 4.

Hapo bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Aibu ni kwamba niligeukia benchi letu nikafungua viganja vyote viwili, kama anayeuliza huyu mtoto anarusha wapi. Uwanja mzima uliviona viganja vile. Dogo akatolewa, akakaa mwisho wa benchi na taulo kichwani. Nikapita mbele yake mara mbili kwenda kunywa maji. Sikusema kitu. Kwenye basi usiku, saa tatu nzima za barabara, sikusema kitu.

Jumapili, chumba cha video, kocha wa marisiva akaisimamisha picha nikiwa nimesimama yadi ya 10. Akawasha kile kitaa chekundu, akawa anakizungusha kwenye viatu vyangu. "Unaona nini?" Nikaanza somo: sefti, zoni, shimo. Akaniacha nimalize yote. Kisha akauliza, "Na yeye ulimwambia saa ngapi?"

Dogo alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilimwomba radhi Jumanne, kwenye ngazi, kwa sauti ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Akasema sawa. Wiki nzima mipira yake ilinijia kifuani kama matofali, nikaidaka yote bila kunung'unika.

Kwa hiyo shimo ukiliona, njoo uliseme benchi. Uwanjani kimbia zile 14 zilizoandikwa.

4. Tazama mpira mpaka uingie kwapani ndipo utafute njia. Nyinyi mnatafuta njia kwanza, ni ugonjwa wetu.

5. Huo mkono wako siku yake itakuja, usiilazimishe. Antwaan Randle El, aliyekuwa kwotabeki Indiana, alimrushia mwenzake Hines Ward yadi 43 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2006, risiva wa kwanza kurusha tachidauni katika fainali hiyo. Edelman naye alingoja hadi Januari 2015, mechi ya mtoano na Ravens: kwotabeki wao Brady akamrudishia mpira nyuma, yeye akampelekea mwenzao Amendola yadi 51, tachidauni. Ilikuwa pasi yake ya kwanza katika NFL, na alikuwa msimu wa 6. Wote hao waliitiwa mchezo huo na benchi. Jana mmoja wenu kadaka slanti, ile ruti fupi ya mshazari, kavuka mstari wa kuanzia mchezo yadi 6, halafu kainua mkono anatafuta wa kumrushia! Mwanangu, ile bendera ya njano ya faulo ulidhani ya nani?

6. Kuzuia. Najua hampendi. Zuieni.

Kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi, si na dakika tano. Na namba 8, glovu ulizozisahau benchi kwa makusudi ninazo mimi.