Rangi ya ndani ya P-51D Mustang: si kijani kote

Mkuu, umeuliza kama modeli yako ya P-51D Mustang, ile ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, uipige kijani ndani kote: hapana, usifanye hivyo. Kwenye P-51D kijani ni cha chumba cha rubani tu, tena dashibodi ni nyeusi, na sakafu ilikuwa ya plaiwudi iliyopakwa nyeusi kwa hiyo usiifanye ing'ae kama chuma. Pale magurudumu yanapojikunja chini ya bawa ni habari nyingine kabisa, ule mhimili mkuu wa bawa unaoonekana kwa nyuma ni njano ya kromati ya zinki, sehemu kubwa iliyobaki ni alumini tupu bila rangi. Hiyo njano ni praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia kutu, na kile kijani chenyewe kilianza kama njano hiyohiyo ikichanganywa na nyeusi, ndo maana watu wanazichanganya. Picha za kiwandani za miaka ya vita zinaonyesha vizuri tu, mhimili una rangi na paneli za pembeni hazina rangi. Ila angalia, ndege nyingi zilizokarabatiwa zinazoruka leo zimepakwa upya kijani au njano kote ili zisioze, usizifuate hizo.