Mtoto yupi, siku ipi, Masihi yupi: maswali yenu kuhusu vitabu vya dini tatu

Mwana ambaye Ibrahimu alitaka kumchinja alikuwa Isaka au Ismaili? Mimi na mwenzangu tumebishana hadi tukanuniana.

Msinuniane, maana hata wanazuoni wa Kiislamu waliwahi kugawanyika hapo. Torati haina fumbo: Mwanzo 22:2 inamtaja Isaka kwa jina. Qur'ani inasimulia kisa hicho katika sura ya 37, As-Saffat, ila mtoto hatajwi jina. At-Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, aliona ni Is-haka, yaani Isaka. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alishikilia kwamba ni Ismaili, na ndiyo rai ya Waislamu wengi hadi leo. Hoja yao kuu ni mpangilio wa aya: bishara ya Is-haka inakuja katika aya ya 112, kisa cha kuchinja kikiwa kimekwisha.

Ila mimi hunivutia zaidi kile mtoto anachokijua. Katika Mwanzo hajui lolote. Kabebeshwa kuni, anapanda mlima, anauliza kondoo wa sadaka yuko wapi, na baba anamjibu kwamba Mungu atajipatia. Katika Qur'ani baba anamweleza ndoto yake waziwazi, kisha anamuuliza, "Waonaje?" Mtoto anajibu: baba, tenda unavyoamrishwa. Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, nao hawakutulia na ule ukimya wa Isaka. Katika masimulizi yao ya baadaye wakamfanya mtu mzima wa miaka 37, anayeomba mwenyewe afungwe barabara asije akatikisika kisu kikishuka. Hapo Isaka wa marabi anafanana na mtoto wa Qur'ani kuliko na yule wa Mwanzo! Wakristo wakapita njia yao: Waebrania 11 inasema Ibrahimu aliamini Mungu angeweza kumfufua mwanawe.

Ni kweli tunda la Edeni lilikuwa tofaa?

Si Torati, si Injili, si Qur'ani inayosema hivyo. Tofaa ni la wachoraji. Swali zito ni nani alaumiwe. Katika Mwanzo nyoka anaanza na mwanamke. Katika sura ya 20 ya Qur'ani shetani anamnong'oneza Adamu, na katika 7:23 mume na mke wanaomba msamaha kwa pamoja. Kwamba kosa lile liliwaachia wanadamu wote dhambi ya asili ni fundisho la Kikristo, lililojengwa juu ya Warumi 5 na kukazwa na mwanateolojia wa kale Augustino. Wayahudi wanakisoma kisa hichohicho cha Mwanzo bila kulifikia.

Biblia ya Wayahudi si ni Agano la Kale tu, basi?

Maandiko ni yaleyale ukilinganisha na Biblia ya Kiprotestanti: Wayahudi wanahesabu vitabu 24, Waprotestanti 39, kwa kuwa Wayahudi wanawaweka manabii wadogo 12 katika kitabu kimoja, na Samweli, Wafalme na Nyakati hawaligawi mara mbili. Ezra na Nehemia nao ni kitabu kimoja. Wakatoliki wana 46. Ila mpangilio una maana yake. Agano la Kale la Wakristo linaishia kwa Malaki, anayeahidi kuja kwa Eliya. Funua ukurasa, uko kwa Mathayo, na muda si mrefu Yohana Mbatizaji, ambaye Wakristo wanamwona ndiye Eliya huyo, yuko jangwani. Biblia ya Kiyahudi inaishia kwenye Nyakati, mfalme Koreshi akiwaruhusu watu warudi Yerusalemu kujenga hekalu. Msomaji Mkristo anaachwa akimngoja mtu, Myahudi anaachwa na safari ya kurudi nyumbani.

Ijumaa ndiyo Sabato ya Waislamu?

Hapana. Kutoka 20 inakataza kazi siku ya saba kwa sababu Mungu alipumzika. Qur'ani 50:38 inasema Mungu aliumba kwa siku sita bila kuguswa na uchovu, na 62:10 inawaambia waumini sala ikimalizika watawanyike wakatafute fadhila za Mungu. Biashara inasimama kwa ajili ya sala, kisha inaendelea. Jumapili ya Wakristo ni jambo la tatu: inakumbuka ufufuo, ingawa Waadventista Wasabato wameshika Jumamosi.

Kati ya Uislamu na Uyahudi, upi uko karibu zaidi na Ukristo kuhusu Yesu?

Inategemea unauliza nini. Ukiuliza kama ni Masihi aliyezaliwa na bikira, Waislamu wako upande wa Wakristo (Qur'ani 3:45-47), na Maryam ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Qur'ani nzima. Wayahudi bado wanamngoja Masihi. Ukiuliza kama ni Mungu, Waislamu na Wayahudi wanakaa benchi moja. Msalaba? Qur'ani 4:157 inakana kwamba aliuawa au kusulubiwa, na hapo Waislamu wanasimama peke yao.

Wayahudi na Waislamu wote hawali nguruwe. Je, sheria zao za vyakula ni zilezile?

Kwa nguruwe wanakubaliana. Lakini Walawi 11:4 inamkataza Myahudi nyama ya ngamia, ambayo kwa Mwislamu ni halali, na Qur'ani 3:50 inamnukuu Isa akiwaambia Wana wa Israeli kwamba amekuja kuwahalalishia baadhi ya waliyoharamishiwa.