Kabla hujampa au kumnyima imani chipukizi wa kikapu, uliza ameumia wapi

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kikapu alianza kulalamika kwamba muundi wa mguu wa kushoto unamuuma. Alikuwa na miaka 17, mrefu, mwenye mikono mirefu na kipaji ambacho mwalimu wa timu ndogo hukutana nacho mara moja, pengine mara mbili, maishani. Nilimwambia apumzike wiki moja. Akapumzika, maumivu yakapungua, akarudi, nikamchezesha mechi tatu ndani ya siku nne. Ya tatu hakuimaliza. Daktari alikuta ufa kwenye mfupa, na kwa maelezo yake ufa huo ulikuwa umeanza zamani. Sisi tulikuwa tukiuongeza kila mazoezi.

Sikuwa nimemuuliza swali lolote la maana. Sikujua kama mguu unamuuma hata akiwa amelala, wala kama maumivu yapo mahali pamoja anapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole au yameenea mguu mzima. Nilisikia "muundi unauma", nikalichukulia kuwa jambo la kawaida kwa vijana wanaokua. Tangu hapo nawatazama chipukizi kwa jicho lingine, wale ninaowafundisha na wale wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ninaowafuatilia kila msimu.

Watu wakimjadili mchezaji mpya humweka kwenye kapu moja kati ya mawili: mzima, au mwenye majeraha. Lakini majeraha hayafanani. Mimi kwanza hutenganisha mwili ulioumizwa na tukio na mwili ulioanza kushindwa wenyewe. Chet Holmgren alichukuliwa wa pili kwenye drafti ya 2022, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Agosti mwaka huohuo, kwenye mechi ya kiangazi isiyo ya ligi, aliumia viungo vya katikati ya wayo akijaribu kumzuia nyota LeBron James, na msimu wa kwanza wote ukapotea. Wengi walisema mwili mwembamba vile hauiwezi NBA. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82 za ligi. Lile lilikuwa tukio, likatibiwa, likaisha.

Ufa unaotokana na kazi ya kila siku una tabia nyingine. Mfupa hujijenga upya ukipumzishwa. Ukibebeshwa mzigo haraka kuliko unavyojijenga, unachanika kidogo kidogo bila mtu kuanguka wala kugongwa. Na ipo mifupa isiyofikiwa na damu ya kutosha, ikiwemo navikula, mfupa mdogo wa juu ya upinde wa wayo. Huo ndio uliomtesa Joel Embiid wa Kameruni. Alipasuliwa Juni 2014, siku chache kabla ya drafti, na Philadelphia 76ers wakamchukua wa tatu hivyohivyo. Mfupa haukuunga ipasavyo, akapasuliwa tena 2015. Misimu miwili ikapita bila kucheza mechi hata moja ya ligi. Alipoingia uwanjani msimu wa 2016-17 alifunga wastani wa pointi 20.2 kwa dakika 25 tu, kisha baada ya mechi 31 goti likamtoa. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi, ingawa mpaka wakati huo hakuwa amefikisha mechi 70 katika msimu wowote. Waliosema ni kipaji cha kipekee walikuwa sahihi. Waliohofia mwili wake walikuwa sahihi pia, na hapo ndipo mashabiki wengi hukwama, kwa sababu tunataka upande mmoja ushinde.

Swali langu la pili ni hili: sehemu iliyoumia ndiyo inayobeba mchezo wake? Zion Williamson alifika NBA 2019 akiwa chaguo la kwanza, mzito kuliko karibu kila mtu anayeruka kama yeye. Goti lilimweka nje mpaka Januari 2020. Usiku wa kwanza alipocheza, alifunga pointi 17 mfululizo katika robo ya nne, na nakumbuka nilisimama kabisa mbele ya televisheni. Lakini mchezo wake wote ni kuruka na kutua, kuruka tena na kutua tena, akiwa na uzito ule. Magoti, nyayo na misuli ya nyuma ya paja ndivyo vinavyomlisha. Alimaliza msimu huo na mechi 24. Msimu wa 2021-22 hakucheza kabisa kwa sababu ya mfupa wa wayo.

Stephen Curry naye alikuwa na kifundo cha mguu kilichomwangusha mara kwa mara. Msimu wa 2011-12 alicheza mechi 26. Golden State Warriors walipompa mkataba wa miaka 4 kwa dola milioni 44 mwaka 2012, wapo waliowaona wamekosea. Lakini alichokuwa nacho Curry kuliko wote ni mkono na macho, na hivyo havikuwa vimeguswa. Kifundo nacho kilikuwa na njia ya kusaidiwa: aliimarisha nyonga na misuli ya makalio, ili kazi ya kubadili mwelekeo isikiangukie kifundo peke yake. Mwaka 2015 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa.

Curry anatoka kwenye drafti ya 2009, ambayo huwa nairudia kila ninapotaka kumhukumu mtu haraka. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Alivunjika mfupa wa pia ya goti kabla msimu haujaanza, akakosa mwaka mzima, akarudi na kuwa chipukizi bora akiwa amecheza mechi zote 82. Wa pili alikuwa Hasheem Thabeet wa Tanzania, urefu wa mita 2.21, aliyetamba kwa kuzuia mitupo chuoni Connecticut. Mwili wake ulikuwa mzima. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1, na kabla haujaisha akapelekwa ligi ya chini. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tulimwombea heri, mimi nikiwemo, na sijaacha kuamini kwamba angefundishwa kwa subira mambo yangekuwa mengine. James Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba. Afya humpa mchezaji nafasi ya kuwepo uwanjani. Atakachofanya akiwa pale ni suala jingine kabisa.

Kwenye kipaji chenyewe, video za matukio bora sizitumii. Natazama mitupo huru, ile anayopewa baada ya kufanyiwa faulo, maana asilimia yake hunieleza zaidi kuhusu mkono wa kijana kuliko mitupo ya pointi tatu ya mechi 20 za mwanzo. Natazama faulo anazofanya akichoka. Natazama pia dakika anazopewa: Victor Wembanyama alikuwa chipukizi bora wa 2024 akicheza chini ya dakika 30 kwa mechi, kwa sababu San Antonio Spurs waliamua kutomchosha. Timu inayomjali kijana hivyo humwongezea miaka, na ukiwa mzazi au mwalimu unaweza kufanya vivyo hivyo bila fedha za NBA. Andika dakika zake kwenye daftari, mazoezi na mechi, kila wiki. Zikipanda ghafla, punguza kabla mwili haujadai wenyewe.

Kijana wangu alikaa nje miezi mitano. Aliporudi sikumhesabia pointi. Nilikaa karibu na kikapu nikitazama anavyotua. Wiki mbili za kwanza aliukwepa mguu wa kushoto, anatua na wa kulia kisha anajikongoja hatua moja ya ziada. Nikamwacha kwenye dakika 12. Wiki ya tatu alichukua ribaundi, mpira uliokosa kikapu, kati ya watu wawili, akatua kwa miguu yote, akaondoka na mpira bila kutazama chini. Mechi iliyofuata nikampa dakika 18.