Ngozi ya embe: kingo zimekauka, katikati bado mbichi

SWALI: Shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Muheza. Mume wangu ameninunulia mashine ya umeme ya kukaushia matunda, ile ya duara yenye trei tano na feni chini. Nimejaribu ngozi ya embe mara tatu. Kila mara kingo zinakauka mpaka zinakatika kama biskuti, na katikati kunanata. Mara ya mwisho nilikunja hivyo hivyo nikaweka kwenye kopo. Siku ya nne nikakuta ukungu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kila ulichokieleza kimewahi kunitokea. Shida yako ina sehemu mbili, unene na joto.

Niwaeleze kwanza wasioijua. Ngozi ya embe ni rojo la embe bivu lililotandazwa jembamba na kukaushwa taratibu mpaka linabanduka lote kwa pamoja, laini, la kukunjika. Mtaani kwangu hapa Tanga watoto wanaiita ulimi wa embe, na mimi jina hilo nalipenda kuliko ngozi.

Tuanze na unene. Ukimimina rojo katikati ya trei ukaliacha litambae lenyewe, kati panabaki pazito na pembeni panakuwa kama karatasi. Na ngozi hukauka kuanzia ukingoni kwenda katikati. Kwa hiyo pale pembamba panawahi, panapitiliza na kukatika, huku kati bado kuna maji. Fanya kinyume chake: rojo lisukume kwa mgongo wa kijiko kutoka kati kwenda nje, pembeni libaki na milimita 6 na katikati milimita 3. Mimi nina njiti ya kiberiti niliyoichora mistari miwili kwa kalamu, mmoja wa milimita 3 na mwingine wa milimita 6. Naichomeka sehemu nne tano za trei, naangalia rojo limefika mstari upi, naisogeza kazi mpaka iwe sawa. Kisha nainua trei kidogo na kuigonga mezani mara mbili ili mapovu yatoke. Trei yako kama ina upana wa sentimita 30, kikombe kimoja cha robo lita kinaitosha. Ya kwangu ni ya mstatili, sentimita 33 kwa 38, inachukua nusu lita.

Hukuniambia joto umeweka ngapi, lakini nahisi liko juu. Naomba usifanye nilichofanya mimi. Mwaka mmoja, wiki moja kabla ya Idi, umeme ulikuwa unakatika kila jioni na nilikuwa na kilo 12 za maembe zimeiva kwa siku moja. Nikapandisha mashine hadi sentigredi 75 nimalize kabla giza halijaingia. Saa nne tu baadaye juu palikuwa pakavu, pameng'aa, nikafurahi. Nikakunja, nikafunga, nikagawia majirani. Kumbe joto kali lilikuwa limefunga uso wa juu kama ganda, na maji ya ndani yakakosa pa kutokea. Baada ya wiki mtoto wa jirani akanirudishia kifurushi chake, akanionyesha madoa meupe yenye manyoya, akaniuliza kama bado anaweza kula upande mwingine. Iliniuma sana. Nilipita nyumba kwa nyumba nikavikusanya vyote.

Tangu siku ile mashine yangu haivuki sentigredi 60. Kwa joto hilo ngozi huchukua kawaida saa 6 hadi 8. Huku kwetu pwani, hasa Desemba hewa ikiwa nzito kwa unyevu, nahesabu 9, wakati mwingine 10, na siharakishi. Mashine yenye feni chini inakausha haraka trei za chini, kwa hiyo kila baada ya saa mbili zibadilishe, ya chini iende juu na kila trei uizungushe nusu duara. Trei tano kwa mpigo ni nyingi kwa mtu anayejifunza. Anza na mbili.

Sasa kipimo cha kujua imekauka. Usiguse ukingo, ukingo utakuambia tayari saa mbili kabla ya wakati. Bonyeza katikati kabisa kwa ncha ya kidole. Kidole kikiacha kishimo, au kikinyanyuka na utomvu, rudisha. Ikiwa tayari, kidole kinatoka kikavu na pale ulipobonyeza hupaoni. Ibandue ingali na uvuguvugu, ikunje, halafu uiache ipoe kabisa kabla hujaifunga kwa nailoni ya chakula. Ukifunga ya moto itatoa jasho humo ndani, na jasho hilo ndilo chakula cha ukungu. Ikiwa imekauka sawasawa na imefungwa isipitishe hewa, hukaa hadi mwezi mmoja nje ya friji. Mimi kwa unyevu wa Tanga najiwekea wiki tatu. Kwenye friza inafika mwaka.

Kuhusu rojo lenyewe: chukua maembe yaliyoiva barabara, yaoshe, menya, saga kwenye blenda. Haya madogo ya kienyeji yenye nyuzi yapitishe kwenye chujio, la sivyo utatafuna kamba. Halafu mimina kwenye sufuria, washa moto mdogo, koroga mpaka rojo lianze kutokota pembeni. Wengi wanaruka hatua hii, na mimi siiruki. Feni ya mashine inapuliza hewa ya uvuguvugu tu, na hewa hiyo haitoshi kuua vijidudu vilivyotoka na maganda na mikono yetu. Rojo likivuka sentigredi 71 kabla ya kwenda kwenye trei unakuwa na amani, na hata rangi haigeuki kahawia. Likipoa kidogo ongeza ndimu, vijiko viwili vya chai kwa kila nusu lita.

Chini tandika karatasi ya kuokea, au ile sahani laini ya plastiki inayokuja na mashine, uliyoipaka mafuta kidogo sana kwa kitambaa. Mafuta ya nazi niliyokamua nyumbani niliyaacha, yalikuwa yananipa harufu ya uvundo baada ya wiki mbili. Alizeti haina shida hiyo. Karatasi ya foili usitumie. Ngozi inaigandamia, na asidi ya tunda haipatani na alumini.

Sukari sioni haja yake kwa embe bivu. Likiwa kali, weka asali vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita, maana sukari ikikaa siku nyingi hufanya chengachenga. Ila ngozi yenye asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Umeme usikutishe. Mashine yangu ni ya wati 500, na ikifanya kazi saa 9 bila kupumzika itakula uniti 4 na nusu za luku. Kilo moja ya rojo inanipa kama gramu 200 za ngozi. Piga hesabu yako hapo.

Ulizokunja zenye ukungu tupa zote, pamoja na sehemu inayoonekana safi. Zinazonata tu bila ukungu, kama ulizitengeneza jana, zirudishe kwenye mashine. Na vile vipande vya kingo vilivyokatika viloweke kwenye maji kidogo, visage na rojo la mzunguko unaofuata. Hakuna kinachopotea.

SWALI: Habari za kazi, mama. Niko Dodoma. Sisi maembe si mengi, tuna zabibu. Bei ikianguka tunabaki nazo zinaoza. Mashine sina. Je, naweza kufanya ngozi ya zabibu kwa jua?

JIBU: Salama kaka yangu, na pole kwa zabibu kuoza, najua jasho linaloingia kwenye shamba lile. Unaweza, na kwa hili nyinyi mmebarikiwa kuliko sisi wa pwani. Mimi nikianika hapa Tanga asubuhi, jioni upepo wa bahari unanirudishia maji yote. Zabibu zenu za Agosti na Septemba zinaangukia kiangazi, hewa kavu, jua la kutwa. Siku mbili zinatosha, pengine hata moja na nusu.

Tatizo la zabibu ni kwamba ina maji mengi na nyama kidogo. Zichambue kutoka kwenye vikonyo, ziponde, zichemshe kama dakika 10, kisha zipitishe kwenye chujio mbegu na maganda vibaki. Rudisha juisi motoni bila mfuniko, ipunguze mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia inayochelewa kujifunga. Hapo epua. Na hapo ndipo Dodoma mna hazina nyingine: ubuyu. Twanga mbegu za ubuyu, chekecha ule unga mweupe, chukua vijiko vitatu vya chakula kwa kila nusu lita. Ukoroge kwanza pembeni na juisi iliyopoa usifanye madonge, kisha changanya. Unga wa ubuyu unashika rojo vizuri, na ukali wake unafanya kazi ya ndimu. Tafadhali uwe ubuyu mtupu, si ule mwekundu wa sukari unaouzwa kwenye vifuko.

Trei ziweke juu ya meza au vigoda, mbali na vumbi la barabara. Usianike moja kwa moja juu ya bati la paa. Funika kwa kitambaa chepesi cha shela, kikae juu ya fremu kisiguse rojo. Na hili nalisema kwa msisitizo: usifunike kwa chandarua cha mbu chenye dawa. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa dagaa na kwa matunda. Dawa ile si ya kuliwa. Jua likikaribia kuzama ingiza trei ndani, umande wa usiku mmoja unaharibu kazi ya kutwa. Kipimo ni kile kile nilichomwambia mwenzako wa Muheza, kidole katikati.

SWALI: Mama, natengeneza ngozi ya nanasi na embe, wateja wanaipenda. Duka moja kubwa la mjini linasema haliwezi kuipokea bila nembo. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mdogo wangu, ofisi ya mkoa wako. Wanatoa mafunzo ya usindikaji na watakuelekeza namna ya kufika TBS, shirika la viwango lenye nembo hiyo, maana tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao, si tena kule TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Nenda na sampuli iliyofungwa jinsi unavyoiuza, na daftari la kila mpiko: tarehe, kilo, joto, saa. Kama daftari huna, anza leo hii, kabla hata hujapanda basi.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Muscat. Huku Ramadhani hatukosi kamardini, ile ngozi ya aprikoti tunayoloweka na kunywa wakati wa futari. Mama yangu mwakani anakuja na ameniuliza aniletee nini. Nikawaza, ngozi ya embe ya kwetu haiwezi kunywewa vile vile?

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Swali lako limenifurahisha kuliko yote wiki hii, kwa sababu kamardini niliinywa kwa mara ya kwanza nikiwa msichana, ilipoletwa na shangazi yangu kutoka huko huko, imefungwa kwenye karatasi ya rangi ya machungwa. Asili yake ni Shamu, upande wa Siria. Wala sikujua wakati ule kwamba nitakuja kukausha kitu cha jamii moja nayo.

Ndiyo, inanyweka, nimeijaribu. Chukua gramu 100 za ngozi ya embe, ikate kwa mkasi vipande vidogo, iloweke kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu baada ya sala ya adhuhuri. Ikifika alasiri imelainika. Isage, ongeza robo lita ya maji baridi, ichuje, weka kwenye friji. Mimi natia iliki mbili zilizopondwa wakati wa kuloweka na kuzitoa kabla ya kusaga. Ni nzito kidogo kuliko kamardini na inashuka vizuri kooni.

Kwa ajili hiyo mwambie mama asitie asali wala sukari kwenye rojo, na ndimu iwe kijiko kimoja cha chai tu kwa nusu lita, la sivyo kinywaji kitakuwa kikali. Ramadhani miaka hii iko Februari, na maembe ya Tanga Januari bado yapo, kwa hiyo atengeneze wiki mbili tatu kabla ya safari, asitengeneze Desemba. Kila ngozi aifunge peke yake, katikati ya mizunguko aweke karatasi ya kuokea zisigandane kwenye joto la sanduku. Wewe ukizipokea, za wiki ya kwanza acha nje, zilizobaki tia friza siku hiyo hiyo.