Maswali ya Wasomaji: Namba za Aya Zinazohama na Sahihi Inayobaki Peke Yake

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaochapa nyaraka za mahakama na mikataba, kuanzia Vwawa hadi Iringa mjini. Majibu yanahusu Microsoft Word ya 2016 na matoleo yaliyofuata, isipokuwa tulipotaja programu nyingine. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndivyo mtakavyoyatafuta.

Nachapa katika ofisi ya wakili. Hati ya madai ikiwa na aya thelathini na kitu, wakili akifuta moja katikati inanibidi nibadilishe namba zote kwa mkono, na kule mwishoni kwenye uthibitisho zinabaki zile za zamani. Hakuna njia nyingine?
*Dada mchapaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Ipo, dada, na kwa nyaraka za mahakama hili si suala la urembo. Amri ya VI, kanuni ya 15 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamtaka anayethibitisha ataje kwa namba ni aya zipi anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa akaamini. Aya ya 9 ikifutwa na uthibitisho ukabaki vilevile, mteja anaonekana anayajua mwenyewe mambo aliyosimuliwa na jirani. Wakili wa upande wa pili hahitaji zaidi ya hapo kuanza pingamizi.

Anza kwa kufuta namba zote ulizochapa kwa vidole. Chagua aya zote za maelezo, nenda Home, bofya kitufe cha orodha yenye ngazi, kisha "Define New Multilevel List". Ngazi ya 1 ipe 1, 2, 3. Ngazi ya 2 ipe (a), (b). Ngazi ya 3 ipe (i), (ii). Kwa ngazi ya 1, namba ianze sentimita 0 na maandishi sentimita 1.27. Bofya "More", kisha kwenye "Link level to style" ifunge kila ngazi na staili yake, yaani mpangilio wa maandishi wenye jina: "List Number", "List Number 2" na "List Number 3". Usitumie "Heading 1" kwa aya za kawaida. Siku ukitengeneza orodha ya yaliyomo, aya nzima nzima zitamwagikia humo.

Sasa uthibitisho. Badala ya kuchapa "aya ya 5", andika "aya ya" kisha nenda References, "Cross-reference". Aina iwe "Numbered item", na kwenye "Insert reference to" chagua "Paragraph number". Chagua aya yenyewe kwenye orodha, bofya Insert. Kwa aya ndogo chagua "Paragraph number (full context)", ili itoke pamoja na namba ya aya mama, si (b) inayoelea yenyewe. Ukimaliza marekebisho yote bonyeza Ctrl+A, kisha F9. Namba zote ulizoziunganisha hivyo zitajisahihisha. Usipobonyeza F9 zitabaki za zamani, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: wanaamini Word imeshabadilisha.

Kuna mahali patatu pa kuangalia. Aya uliyoitaja ikifutwa, ukibonyeza F9 yanatokea maneno "Error! Reference source not found." katikati ya hati, kwa hiyo kabla ya kuprinti bonyeza Ctrl+F utafute "Error!". Pili, ukitaka kuongeza aya mpya kabla ya aya iliyotajwa kwingine, usiweke kishale mwanzoni mwa aya hiyo na kubonyeza Enter. Alama iliyofichwa hapo hubaki kwenye mstari mpya, na rejea yako itaonyesha aya isiyo yenyewe bila onyo lolote. Weka kishale mwishoni mwa aya iliyotangulia, ndipo ubonyeze Enter.

La tatu kompyuta haiwezi kukusaidia. Uthibitisho ukisema "aya ya 5 hadi ya 11", na wakili akaingiza aya mpya kati ya ya 7 na ya 8, mwisho utasomeka "hadi ya 12" na aya mpya imo ndani, hata kama mteja ameisikia tu kwa mtu. Kila aya inapoongezwa, mrudishie wakili ukurasa wa uthibitisho aupitie upya.

Nina steshenari karibu na mahakama. Mtu analeta kiapo kwenye flashi, kwake kilikuwa ukurasa mmoja, kwangu kinatoka viwili, na ukurasa wa pili una sahihi na nafasi ya kamishna wa viapo tu. Wananilaumu mimi.
*Mwenye steshenari, Mafinga*

Lawama si yako, ndugu. Mara nyingi faili limeandaliwa kwa karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279, na wewe una A4 ya milimita 210 kwa 297. A4 ni nyembamba kwa milimita 6, hivyo mistari inavunjika mapema na aya zinarefuka. Na ni ndefu kwa milimita 18, hivyo kurasa zinakatika mahali pengine. Ongeza fonti ambayo kwako haipo, Word ikaweka nyingine yenye herufi pana, na mpangilio wote umekwenda. Angalia Layout, Size, kabla ya kugusa chochote. Wateja wako waambie walete PDF: F12, kisha kwenye "Save as type" wachague PDF. Hiyo haihami, na mfumo wa mahakama wa kusajili mashauri kwa mtandao nao unapokea PDF.

Dawa ya kudumu iko kwa aliyeandika. Sehemu ya kiapo hutaja mahali na tarehe kilipoapwa, kama sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inavyotaka. Ikikaa peke yake kwenye karatasi, mtu anaweza kuhoji kama kweli ni ya hati hiyo. Iandike ndani ya jedwali la safu mbili lisilo na mistari: kushoto maneno ya kiapo na kamishna, kulia mwapaji. Chagua jedwali lote isipokuwa mstari wa mwisho, bofya kulia, Paragraph, Line and Page Breaks, weka tiki kwenye "Keep with next". Fanya hivyo pia kwa aya ya mwisho ya maelezo. Kisha kwenye Table Properties, Row, ondoa tiki ya "Allow row to break across pages". Nafasi ikikosekana, jedwali litahamia ukurasa unaofuata likiwa limebeba aya hiyo.

Na tafadhali, nukta za kujaza tarehe zisichapwe moja moja. Bofya mara mbili kwenye rula, weka kituo cha Tab cha sentimita 8, chagua "Leader" namba 2. Ukibonyeza Tab nukta zinajipanga na mwisho wake ni mmoja kwenye mistari yote.

Nikiandika kifungu cha 5(c) inageuka alama ya hakimiliki. Halafu Kiswahili chote kina mistari myekundu.
*Tukuyu*

Hayo ni masahihisho ya moja kwa moja. Papo hapo bonyeza Ctrl+Z, itarudi (c). Kuimaliza kabisa: File, Options, Proofing, "AutoCorrect Options", tafuta mstari wa (c) kwenye orodha, Delete. Ondoa na (r) na (e), maana nazo hugeuka alama, na mtu anayechapa haraka hagundui mpaka hati imegongwa muhuri.

Mistari myekundu: Ctrl+A, kisha Review, Language, "Set Proofing Language", chagua Kiswahili. Kama kompyuta haina kamusi ya Kiswahili, weka tiki kwenye "Do not check spelling or grammar", ila hapo jukumu la kusoma kwa macho ni lako. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mpangilio huu ni bora uwe tayari kwenye kiolezo cha ofisi kuliko kuurudia kila faili.

AMCOS yetu (chama cha ushirika) ya kahawa inataka kuwapelekea wanachama wanaodaiwa barua za madai, zaidi ya mia. Majina, kiasi na namba za NIDA viko Excel. Nimejaribu kuunganisha na Word, fedha zimetoka bila mikato na namba za NIDA zote zinaishia na sifuri.
*Karani, Vwawa, Songwe*

Tuanze na NIDA, maana hapo kuna hasara. Namba hiyo ina tarakimu 20, na Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho imezigeuza sifuri, na haziwezi kurudishwa kwa kubadilisha mpangilio sasa. Lazima uzichape upya kutoka kwenye daftari. Kabla ya kuchapa, chagua safu nzima, bofya kulia, Format Cells, Text. Namba za simu nazo zifanyie hivyo hivyo, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea.

Kuhusu fedha, Word huchukua namba tupu na kuiacha mikato ya Excel. Kwenye barua bonyeza Alt+F9 uone misimbo, kisha ndani ya mabano ya kiasi, baada ya jina la safu, ongeza \# "#,##0" na ubonyeze Alt+F9 tena. 1450000 itatoka 1,450,000. Kati ya "Sh." na kiasi weka nafasi isiyovunjika, Ctrl+Shift+Spacebar, ili "Sh." isibaki mwisho wa mstari na tarakimu zikaanguka chini.

Usiprinti moja kwa moja. Chagua Finish & Merge, "Edit Individual Documents", usome barua kumi za mwanzo na tano za mwisho ukiwa na daftari mkononi. Barua ya madai yenye kiasi cha mtu mwingine ni kesi nyingine.

Wakili anataka kumbukumbu za rufaa ziwe na namba kila mstari wa kumi, upande wa kulia. Word inaweka kushoto tu.
*Njombe*

Ni kweli, kwa hati ya kawaida Word haina chaguo la kulia. Wanaochapa 10, 20, 30 kwenye visanduku vya maandishi wanajitesa bure, kwa sababu mstari mmoja ukiongezwa kazi yote inapinda. Tumia LibreOffice Writer, ambayo ni bure. Fungua Tools, Line Numbering, weka tiki "Show numbering", Position iwe Right, Interval iwe 10, na tiki kwenye "Restart every new page". Ondoa tiki ya kuhesabu mistari mitupu. Faili likitoka Word, pitia kwanza kurasa zote, kwa kuwa mikato ya kurasa inaweza kusogea, kisha utoe PDF humo humo.

Kamwene mhariri. Nimemaliza kidato cha nne, najua kuchapa kidogo. Nataka kazi kwenye ofisi za mawakili. Nisome wapi na nianze na nini?
*Kihesa, Iringa*

Kamwene. VETA wana kozi za kompyuta, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Mbeya na kinafundisha uhazili. Uliza jambo moja kabla ya kulipa ada: je, watakufundisha staili, namba za ngazi na rejea, au ni kufungua faili, kukoleza maandishi na kuprinti? Kozi nyingi za mtaani zinaishia kwenye la pili. Kasi ya vidole inasaidia, lakini ofisi ya wakili hupoteza saa nyingi zaidi kwenye kurekebisha kuliko kwenye kuchapa.

Mazoezi hayana gharama. Pakua hukumu yoyote ya Mahakama Kuu kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ichape upya kurasa kumi kwa staili na namba za kujiendesha, kisha bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizofichwa. Ukiona nukta nyingi za nafasi zimepangana kusukuma maneno katikati, au alama za Enter zimerundikana kufika ukurasa mpya, futa. Katikati ni Ctrl+E, ukurasa mpya ni Ctrl+Enter. Baada ya hapo jifunze Track Changes, inayoonyesha kila badiliko lililofanywa, Ctrl+Shift+E, na namna ya kuziondoa alama za mabadiliko na maoni yote kwa "Inspect Document" kabla mkataba haujatumwa upande wa pili. Punguza pia muda wa AutoRecover, yaani Word kujihifadhia nakala ya dharura, File, Options, Save, kutoka dakika 10 hadi 2. Umeme ukikatika utapoteza sentensi chache, si aya nzima. Na faili la kwenye flashi linakiliwe kwanza Desktop, lifanyiwe kazi hapo, lirudishwe likiwa limefungwa.